Pepo Asiyetaka Karanga

Vijana wa zahanati mmeniomba niwaachie maneno kabla sijasahau, kana kwamba mtu akistaafu leo akili nayo inarudisha funguo kesho asubuhi. Sawa, nitaandika. Ila anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara atachoka bure, maana cheo changu kilibadilika majina tu na mshahara mnaujua, ni huo huo wenu. Nitawaambia habari za chupa, za mafuta, na za mwanamke mmoja wa mtaa wa Lindi, hapa hapa Kibra, ambaye nusura tumuue kwa dawa nzuri kabisa.

Mimi ni wa Kawangware. Nilipokuwa msichana, Kawangware ilikuwa mashamba ya mahindi na viazi, na Kibra tuliisikia tu kama kijiji cha askari Wanubi waliopewa msitu na serikali wakae humo na familia zao. Wamisheni walinifundisha kusoma, kushona na kumcha Mungu, na baba akaona nimeiva kuolewa. Nikaponea kwa sababu zahanati ya Kibra ilikuwa inatafuta mwanamke. Wanawake wa Kinubi hawakukubali kufunuliwa mkono na mwanamume, hata akiwa jirani yao, na mwanamke Mnubi aliyesoma kizungu hakupatikana. Mchungaji wetu alimwambia baba kuwa ni kazi ya huruma. Baba aliuliza kama huruma inalipwa, akaambiwa inalipwa kidogo, akaniruhusu.

Siku ya kwanza nilifika nimebeba viatu mkononi, kwa ajili ya matope ya njiani. Mlangoni alisimama mwanamume mrefu, kofia nyekundu kichwani, mgongo umenyooka utadhani anangoja tarumbeta. Huyo ndiye Afande Rehani. Alikuwa amemtumikia mfalme katika Keya, lile jeshi la Waingereza, kama mganga wa askari, na sasa alikuwa mchanganya dawa wetu. Kwa kweli alikuwa ndiye zahanati yenyewe, maana Daktari Mzungu alikuja Alhamisi tu.

"Wewe ndiye Raheli?"

"Ndiyo, bwana."

"Hapa hakuna bwana. Bwana anakuja Alhamisi na motokaa. Mimi ni Afande. Unajua kuosha chupa?"

"Najua."

"Hujui. Ingia."

Kweli sikujua. Niliosha chupa kwa magadi na mchanga laini, nikasuuza kwa maji yaliyochemka, nikazipanga zikauke zikiwa zimeinamishwa. Afande alikuja akainua moja baada ya nyingine, akainusa, na karibu zote alinirudishia. Nilirudi nyumbani vidole vimekunjamana, nikamwambia mama kuwa nimeajiriwa na mtu mwenye wazimu wa chupa. Leo nikiwaona nyinyi mnasuuza chupa mara moja na kuipangusa kwa kitambaa, namwelewa na ninamwombea.

Baada ya muda aliniruhusu kushika kinu cheupe na mchi wake, kisha mizani, kisha kile kisu butu cha kukorogea marhamu juu ya kioo. Na hapo ndipo nilipokutana na swali lake. Kila nikitaja dawa, yeye aliuliza, "Na mbebaji?" Nikisema marhamu ya salfa, "Na mbebaji?" Nikisema dawa ya kikohozi, "Na mbebaji?" Alikuwa na maana kwamba dawa yenyewe huwa kidogo sana, chembe tu ya unga. Kinachojaza kijiko ni kitu kingine: maji, sukari, spiriti, mafuta, nta, wanga, rangi. Hivyo havitibu chochote, vinabeba tu. Lakini mgonjwa anavimeza vyote, na mwili wake haujui yupi ni mgeni aliyealikwa na yupi ni mpagazi wake.

Nilidhani ni ukorofi wa uzee mpaka alipokuja dobi mmoja Mjaluo, mikono imepasuka kwa sabuni za Wazungu. Tulimpa marhamu, akarudi mikono imeumuka na inatoa maji. Tukamwongezea, ikazidi. Mimi nikaona salfa inamchoma. Afande akaninyamazisha kwa kidole, akachota salfa ile ile, kipimo kile kile, akaikoroga na vaselini badala ya mafuta ya sufi ya kondoo tuliyokuwa tukitumia. Dobi akapona. Alituletea shukrani kwa kuyafua makoti yetu meupe bila malipo, na akatia wanga mwingi mpaka koti langu lilisimama lenyewe pale kwenye kiti.

Kulikuwa pia na mzee mmoja, askari wa zamani, aliyekataa katakata dawa ya tumbo kwa sababu mbebaji wake ni spiriti, na yeye ni Mwislamu. Afande alimtengenezea nyingine ya maji bila kumbishia. Kwamba mke wa mzee huyo ndiye aliyekuwa akipika chang'aa, pombe kali inayoongoza Kibra nzima, hilo halikuhusu zahanati. Mgonjwa alipewa alichokiweza.

Lakini Afande Rehani alikuwa na jambo moja hataki kulisikia, nalo ni pepo. Kibra ya siku zile ilikuwa na ngoma za pepo, na wanawake wengi walikuwa na pepo wao kama vile mtu anavyokuwa na shangazi mkali: huyu anataka manukato ya aina fulani, yule hataki nguo nyeusi, mwingine hataki samaki. Marehemu mama yake Afande alikuwa mkubwa katika ngoma hizo. Yeye mwenyewe zilimwaibisha mbele ya Daktari. Kwa hiyo akaweka amri: viatu, kuku na pepo vibaki nje. Mgonjwa akianza tu kusema "pepo wangu," Afande alimkata, "Mama, huyo muache mlangoni na viatu. Utamchukua ukitoka." Watu walicheka, wakazoea. Wakafundishana kutosema.

Sasa nifike kwa Zainabu.

Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, na penisilini ilianza kutufikia. Hamwezi kuelewa, nyinyi mliozaliwa nayo mkononi. Tulikuwa tumezoea kuona watu wakifa kwa kidonda, kwa kichomi, kwa uzazi, tukiwafuta jasho tu. Kwanza ilikuja ya unga, ya kuyeyusha kwa maji, nayo ilitaka sindano kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Ni ya hospitali kubwa mjini, siyo ya zahanati yenye vyumba viwili. Halafu ikaja iliyochanganywa na mafuta na nta, sindano moja kwa siku basi. Nzito kama uji. Ulilazimika kuipasha chupa ndani ya maji ya moto, uitikise sana, uivute kwa sindano nene iliyokauka kabisa, maana tone moja tu la maji liliziba kila kitu. Tuliipenda kwa moyo wote. Afande aliifungia kabatini akalala na ufunguo.

Zainabu alikuwa mke kijana wa Lindi, amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana. Siku chache baadaye akapandwa na homa ya uzazi. Mamake, Mama Hawa, ndiye aliyetuita, kwa sababu mzazi hatoki nyumbani kabla ya arobaini. Tulimkuta anatetemeka chini ya mablanketi, midomo imekauka, mtoto analia pembeni kwa kukosa ziwa. Homa hiyo tuliijua. Ilikuwa inawachukua wanawake huku tunatazama. Mara hii tulikuwa na penisilini, na nakumbuka nilivyopanda ile ngazi ya udongo ya nyumba yao nikijisikia kama mtu anayepeleka zawadi.

Nilimdunga mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwanamke. Afande alikaa ukumbini nyuma ya pazia. Sikuwa nimemaliza kuzifungasha sindano zangu nilipomsikia Zainabu akijikuna. Nikageuka. Shingo yote ilikuwa imetoka vilengelenge, macho yanavimba, na pumzi inapiga mluzi. "Mama, koo," alisema, halafu hakuweza kusema tena. Nilipiga kelele. Afande akasahau pazia, akaingia, akavunja kichupa cha adrenalini, dawa ya kufungua pumzi, alichokuwa akitembea nacho katika mkebe wa tumbaku tangu siku zake za Keya, akamdunga mwenyewe huku Mama Hawa akilia na kumvuta shati. Tulimshikilia akiwa amekaa. Polepole ule mluzi ukapungua, pumzi ikarudi. Alikuwa hai, na homa yake ilikuwa pale pale.

"Hiyo sindano yenu ilitaka kuua mtoto yangu," Mama Hawa alisema. "Hamtaguza yeye tena. Mnasikia?"

Daktari alipokuja alisikiliza yote, akampima, akasema kwa huzuni kuwa wako watu wasioweza kuvumilia penisilini, na kwamba kumpa tena ni kumuua kwa mkono wetu. Alimwandikia vidonge vya salfa, siyo salfa ile ya marhamu. Ndivyo ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Zainabu akavimeza, homa ikashuka kidogo jioni, ikapanda asubuhi zaidi ya kwanza. Alianza kuzungumza na watu ambao hawakuwemo chumbani. Mtoto akawa ananyonyeshwa na jirani. Nilikuwa naenda kila siku kumwosha na kumbadilishia, kwa kuwa Mama Hawa aliniruhusu mimi nikiwa mikono mitupu, na kila siku nilitoka nikijua kwamba dawa ya kumponya imefungiwa kabatini kwetu na hatuwezi kumpa.

Mnajua desturi ya Wanubi ya sinia. Nyumba yenye mzazi haipiki. Majirani huleta chakula kwenye sinia, kimefunikwa kwa kawa ya ukili iliyofumwa kwa rangi nyekundu na kijani na zambarau, na kawa hiyo ndiyo heshima ya nyumba iliyoileta. Kurudisha sinia bila kuonja ni tusi. Hata ukiwa umeshiba, unafunua, unamega, unasifu. Siku moja nilikuwa mlangoni nikifua vitambaa, akaja jirani na sinia lake. Mama Hawa akamlaki, akainua kawa kidogo kama anayechungulia mtoto aliyelala, akanusa, akalifunika sinia haraka. Akalirudisha. Hapo hapo mlangoni, mbele yangu, bila kumega. Jirani aligeuka na sinia lake uso umeshuka, asijue afanye nini.

Mimi nilishangaa mpaka nikaacha kufua. "Mama Hawa, umemfanya nini mwenzako?"

"Aliweka karanga kwa mboga. Amesahau."

"Sasa si ungemega wewe?"

"Haiwezi ingia kwa hii nyumba." Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Raheli, wewe usiambie Afande. Zainabu iko na pepo. Huyo pepo yake hataki karanga, tangu akiwa mtoto mdogo. Akionja tu kidogo, mdomo inavimba. Siku moja alilamba mwiko, ilibaki kidogo akufe."

"Koo linambana?"

"Inafunga kabisa. Kama ile siku ya sindano yenu."

Aliyasema maneno hayo ya mwisho kwa hasira tu, hakuwa na maana nyingine. Lakini mimi nilisikia sauti ya Afande kichwani: Na mbebaji? Niliacha vitambaa ndani ya maji nikakimbia hadi zahanati, kilemba kikanidondoka njiani.

Nilimkuta akipima unga. "Afande, ile penisilini, mbebaji wake ni mafuta na nta. Ni mafuta ya nini?"

Alifungua mdomo anijibu kama anavyojibu siku zote, harakaharaka. Halafu akaiweka mizani chini.

"Ya karanga," alisema. "Nani amekuambia uulize?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye neno pepo nilisita, lakini nikalisema. Nilitegemea anifokee. Badala yake aliketi juu ya kasha la chupa na kuvua ile kofia yake nyekundu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Tulimuuliza anakula nini," alisema. "Tulimuuliza ameugua nini zamani. Angetuambia vipi? Mimi ndiye nilimwambia pepo wake amuache mlangoni."

Hakuwa mtu wa kukaa sana na majuto. Ilikuwa siku ya Alhamisi, na Daktari alikuwa chumba cha pili akimchungulia mtu sikio. Afande aliingia akamwambia yote, pamoja na pepo, na kwa nini alikuwa hajamjua pepo huyo mapema. Daktari hakucheka. Aliuliza mara mbili kuhusu koo na kuhusu mwiko, akasema inawezekana ni mafuta, lakini hana uhakika, na tukikosea hatutapata nafasi ya kukosea tena. Alienda mjini kwa motokaa yake akarudi na penisilini ya unga, ile ya maji. Atakuwepo mwenyewe, alisema, tutaanza na tone tu, na adrenalini iwe tayari imevutwa. Kilichobaki ni Mama Hawa.

Tulimkuta amekaa mlangoni pake, amezuia njia kwa miguu yake. Alipoona mkoba wa sindano alitikisa kichwa kabla hatujasalimia.

Afande Rehani alichuchumaa mbele yake kwenye vumbi, mtu yule wa mgongo ulionyooka. "Mama Hawa, nimekuja kuomba msamaha kwa pepo wa mtoto yako."

Mama Hawa alimtazama kama amerukwa na akili. Mimi pia.

"Yeye alisema ukweli, sisi hatukusikia. Ile dawa ya kwanza ilikuwa ndani ya mafuta ya karanga. Pepo alikataa karanga, hakukataa dawa. Sasa tumeleta dawa iko ndani ya maji. Maji tu, yamechemka, Raheli ameosha chupa mwenyewe. Nakuuliza wewe, kwa sababu wewe unamjua. Huyu pepo anakataa maji?"

Ndani, Zainabu alikuwa anaguna, na kwa jirani mtoto alikuwa analia.

"Maji hakatai," alisema mwishowe. Akakunja miguu yake.

Nilimdunga tone. Tulingoja, Daktari amekaa kwenye kigoda na saa yake mkononi, Afande nyuma ya pazia. Shingo ilibaki safi. Nikamdunga kidogo tena. Shingo ikabaki safi. Tukampa kipimo kamili, na tangu hapo nikahamia kwao, kila saa tatu sindano, mchana na usiku, nikilala kwa vipande juu ya mkeka. Mama Hawa alinichemshia maji ya sindano kwa mikono yake na hakuruhusu mtu mwingine ayaguse. Homa ilishuka siku ya kwanza kidogo, ya pili sana. Ya tatu nilisikia mtu akiuliza, "Mtoto yuko wapi?" Alikuwa Zainabu, na alikuwa anazungumza na sisi. Nililia hadharani, mbele ya Daktari aliyekuja ingawa haikuwa Alhamisi, na sioni haya kuliandika.

Tangu hapo amri ya zahanati ilibadilika. Viatu na kuku viliendelea kubaki nje, lakini pepo aliingia ndani, akapewa na kiti. Kila mgonjwa, kabla ya dawa, Afande alimuuliza: "Pepo wako anakataa nini?" Mzee mmoja wa kanisa letu la Kawangware alikasirika sana. "Mimi ni Mkristo, sina pepo." Afande akamjibu vizuri tu, "Sawa, na ungekuwa naye, angekataa nini?" Mzee akafikiri. "Mayai," akasema. "Yananitoa vipele." Ikaandikwa kwenye karatasi yake: anakataa mayai.

Afande Rehani alifariki na kuzikwa kwa Wanubi wenzake, nikaachiwa kinu chake. Mengi niliyowafundisha ni yake, na mkiona nawafokea kuhusu chupa, anayefoka ni yeye. Ninamshukuru kwa swali lake, na ninamshukuru zaidi kwa siku ile aliyokubali kuchuchumaa.

Limebaki jambo moja, dogo. Mimi nilikuwa mpenzi mkubwa wa karanga. Asubuhi nikitoka Kawangware nilinunua za kukaanga njiani, na nilifika kazini na maganda mfukoni. Tangu nilipokuwa nikimuuguza Zainabu niliziacha, kwa hofu ya mikono yangu, kisha nikaona huwezi kujua mgonjwa yupi atakayeingia kesho, nikaziacha kabisa maadamu niko kazini. Sikumwambia mtu. Mama Hawa ni mtu wa kunusa, na nadhani ndiyo maana alijua.

Siku mliyoniaga, baada ya hotuba zenu ndefu, nilitoka nje nikamkuta amekaa uani, amezeeka, fimbo mapajani, sinia mbele yake. Pembeni yake alikuwa yule mtoto wa Zainabu aliyekuwa akililia ziwa, sasa ni msichana mkubwa, ndiye aliyepika, tena kwa jirani, siyo kwao. Mama Hawa aliinua kawa. Ilikuwa mboga ya karanga, nzito, mafuta yanaelea juu, na harufu yake ilinifika hadi magotini.

"Leo hauna kazi," alisema. "Na wewe hauna pepo. Kula."

Nilinawa, nikamega. Kisha nikainua macho. Ng'ambo ya barabara, mbali kabisa na sinia, upande unakotoka upepo, Zainabu alikuwa amesimama, kitambaa puani, akinipungia mkono na kucheka.